Hodi kwa Mtu Usiyemjua: Kuandika Ujumbe wa Kutafuta Kazi na Maarifa Mtandaoni

(Muziki wa kufungua. Unashuka chini ya sauti.)

Hamjambo wasikilizaji wetu wa Kakuma 1 mpaka Kakuma 4, na majirani zetu wa Kalobeyei, vijiji vyote vitatu. Na wewe ambaye hukupata kipindi hewani, unasoma karatasi hii kwenye kikundi chenu cha kusikiliza au kwenye ubao wa kituo cha vijana, karibu pia. Kaa, tuzungumze.

Katika kipindi kilichopita tulieleza namna ya kufungua profaili kwenye LinkedIn, ule mtandao ambao watu huonyesha kazi na masomo yao. Baada ya kipindi kile tulipata maswali mengi, lakini karibu yote yalikuwa swali moja: "Nimefungua, nimeweka picha na ujuzi wangu. Sasa ninamwandikia nani, na ninamwambia nini?"

Leo tunalijibu swali hilo. Na nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili usije ukalirudia.

Mwaka juzi niliwaandikia watu 40. Idadi naijua kwa sababu niliandika majina yao nyuma ya daftari langu la zamani la kemia. Ujumbe ulikuwa mmoja tu, nikaukopi mara 40. Ulisema hivi:

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo. Nimeteseka sana tangu utotoni. Nimemaliza kidato cha nne lakini sina kazi wala msaada. Ninakuomba kwa heshima zote unisaidie kwa chochote utakachoweza. Mungu akubariki."

Msikilizaji, hapo hakuna neno la uongo. Kila kitu nilichoandika ni kweli. Lakini watu 38 hawakujibu. Mmoja alijibu akitaka picha zangu na kuniuliza kama nimeolewa. Na mmoja, mtayarishaji wa vipindi vya redio huko Nairobi, alijibu kwa mistari miwili: "Pole sana kwa yote uliyopitia. Unataka nini hasa?"

Nilikaa na simu mkononi mpaka chaji ikaisha. Sikuwa na jibu. Nilitaka kazi, nilitaka shule, nilitaka kifaa cha kurekodia, nilitaka mtu aniambie kwamba sauti yangu inafaa redioni. Nilitaka pia kuondoka hapa, kama wengi wetu. Lakini yule mtu hakuuliza nina shida gani. Aliuliza ninataka nini kwake. Nilipokuja kumjibu zilikuwa zimepita siku nne, na nilichoandika kilikuwa kile kile cha mwanzo, kirefu zaidi. Hakuandika tena.

Swali lake ndilo kipindi chetu cha leo. Kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, jiulize: ninataka nini hasa kwa mtu huyu mmoja?

(Muziki mfupi.)

Kwanza, kwa nini tujisumbue kuwaandikia watu tusiowajua? Si tuna ndugu, tuna majirani, tuna viongozi wa bloku?

Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani aitwaye Mark Granovetter alichapisha makala ambayo wataalamu wanaitaja mpaka leo. Aliwauliza watu wa kitongoji kimoja cha jiji la Boston, waliokuwa wamepata kazi mpya kupitia mtu fulani: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema "mara nyingi" walikuwa karibu 17 katika kila 100. Waliosema "mara moja moja" walikuwa karibu 56. Na waliosema "kwa nadra sana" walikuwa karibu 28. Yaani wengi hawakuipata habari ya kazi kwa rafiki wa karibu. Waliipata kwa mtu wanayemfahamu kidogo.

Sababu yake ukiiangalia vizuri utaiona hapa hapa kambini. Jirani yako wa bloku anajua lile unalojua. Tangazo la kazi ya insentivu likibandikwa ofisini, nyote mnaliona asubuhi ile ile, na nyote mnakimbilia nafasi mbili. Lakini mtu aliye Eldoret, au Kampala, au Winnipeg, anasikia mambo ambayo hayafiki kwenye ubao wetu. Huyo ndiye mwenye habari mpya.

Kwa hiyo usianze na mkurugenzi wa kampuni kubwa usiyemjua hata kidogo. Anza na watu unaowafahamu nusu. Chukua daftari, andika: mwalimu aliyekufundisha kidato cha pili kisha akahamia mji mwingine. Afisa wa shirika aliyefanya kazi hapa mwaka mmoja akaondoka. Mwanafunzi mwenzako aliyepata ufadhili wa masomo. Mtu wa kanisani au msikitini kwenu aliyekwenda Marekani au Australia kwa mpango wa kuhamishwa. Mkufunzi aliyekuja kwa semina ya siku tatu. Ukifika majina kumi, una mahali pa kuanzia. Baada ya hao ndipo uwafikie wale ambao hawakujui kabisa, na mara nyingi hao wa kwanza ndio watakaokuelekeza kwa hao wa pili.

(Muziki mfupi.)

Sasa ujumbe wenyewe. Sisi wote, tuwe tumetoka Fizi, Bujumbura, Juba au Mogadishu, tunajua namna ya kufika kwenye nyumba ya mtu. Unasimama nje. Unabisha hodi. Ukiulizwa nani, unajitaja. Unasema umeelekezwa na nani au umefuata nini. Ukikaribishwa, unaeleza shida yako kwa ufupi. Na ukiambiwa mwenye nyumba ana mgeni mwingine, unasema "hakuna neno, nitapita siku nyingine." Hakuna mtu anayesukuma mlango, akaingia mpaka jikoni na kuanza kulia kabla hajajitaja jina.

Ujumbe kwa mtu usiyemjua ni hodi. Una sehemu nne.

Sehemu ya kwanza: wewe ni nani, kwa upande wa kazi. Sentensi moja. "Mimi ni fundi cherehani, nimeshona sare za shule kwa miaka mitano." "Ninasomesha hesabu darasa la saba." "Natengeneza simu sokoni." Usiseme huna kazi. Kama unashona, wewe ni fundi, hata kama hakuna anayekulipa mshahara wa mwezi.

Sehemu ya pili: kwa nini yeye, na si mtu mwingine. Hapa ndipo ujumbe wa kukopi unapojulikana. Mtu akisoma sentensi ambayo ingeweza kutumwa kwa watu 40, anajua imetumwa kwa watu 40. Kwa hiyo soma kwanza kazi yake. Taja kitu kimoja alichofanya: kipindi, makala, duka, mafunzo, shule aliyosoma. Kitu kimoja cha kweli kinatosha. Sifa nyingi zinamfanya ajiulize unataka kumuuzia nini.

Sehemu ya tatu: ombi moja dogo. Dogo kiasi gani? Liwe jambo ambalo anaweza kulijibu amesimama kituoni akisubiri matatu. Kazi si ombi dogo. Ufadhili si ombi dogo. "Naomba unisaidie" pia si dogo, kwa sababu hana pa kuanzia. Lakini "Je, ni programu gani ya bure ya hesabu za biashara unayoweza kunishauri nianze nayo?" ni dogo. "Je, ni cheti gani waajiri wa kazi yako wanaangalia kwanza?" ni dogo. "Hiki ni kitambaa nilichoshona, je, kingo hizi ziko sawa kwa soko la Nairobi?" ni dogo, na tena anaiona kazi yako.

Sehemu ya nne: mwachie mlango wa kutokea. "Kama huna nafasi, ninaelewa." Wengine wanaona maneno haya ni ya unyonge. Mimi naona ni heshima. Mtu ambaye hajabanwa hujibu kwa moyo mweupe.

(Muziki mfupi.)

Tuangalie mfano. Huu ni ujumbe wangu wa mara ya pili, baada ya aibu ile ya watu 40. Nilimwandikia mama mmoja mtayarishaji wa redio. Kwenye LinkedIn, unapomwalika mtu usiyemjua, unaweza kuweka maelezo mafupi pamoja na mwaliko, lakini usipokuwa mteja wa kulipia, nafasi yake ni ndogo sana, herufi 200 hivi, na idadi ya mialiko ya aina hiyo kwa mwezi ni ndogo vilevile. Kwa hiyo niliandika kwenye daftari kwanza, nikahesabu:

"Habari Bi. (jina). Natangaza redio Kakuma. Nilisikia kipindi chako cha wavuvi wa Ziwa Turkana. Sauti ni safi ingawa kuna upepo. Ningependa kukuuliza swali moja kuhusu kurekodi nje."

Ni huo tu. Alikubali mwaliko baada ya siku tisa. Ndipo nikatuma wa pili:

"Asante kwa kunikubali. Swali langu ni hili. Ninarekodi kwa simu, na hapa upepo huvuma karibu mchana wote. Nimefunika simu kwa leso nzito, lakini sauti inakuwa kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Je, kuna njia nyingine kwa mtu asiye na maikrofoni? Hata mistari miwili itanisaidia. Kama huna nafasi, ninaelewa."

Alijibu siku ile ile. Aliniambia nitumie soksi nyepesi ya pamba badala ya leso nzito, nimpe upepo mgongo ili mwili wangu uwe ukuta, nisogeze simu karibu na mdomo wa anayeongea lakini pembeni kidogo, nisiielekeze mbele ya pumzi yake. Na ikiwezekana nirekodi ndani ya nyumba yenye nguo zilizotundikwa, maana nguo zinakula mwangwi.

Angalia kilichotokea. Sikumwambia kwamba nina bidii. Lakini mtu anayesema "nimejaribu leso ikashindwa" ameonyesha kwamba anafanya kazi, anasikiliza sauti yake, na anataka kuiboresha. Hayo yote yeye aliyaona bila mimi kujisifu.

Neno moja kuhusu lugha. Andika kwanza kwa lugha unayoiweza vizuri. Ukishajua unachotaka kusema, ndipo ukipeleke kwenye Kiingereza au Kifaransa. Tumia sentensi fupi, na mpe mtu mmoja aisome kabla ya kutuma. Ukitumia programu ya kutafsiri, soma tena ilichoandika, maana mara nyingine inageuza maana na wewe ndiye utakayeonekana umesema. Kama unayemwandikia ni Mkenya, Kiswahili safi hakina shida. "Habari" na jina lake vinatosha. Wale mliopitia Tanzania mmezoea shikamoo, na ni adabu nzuri, lakini Nairobi wengi hawaitumii kwenye barua za kazi.

Na neno moja kuhusu gharama. Ujumbe wa maandishi hauli data nyingi. Kinachokula bando lako ni picha na video zinazofunguka zenyewe unapopekua. Andika kwenye daftari bila data, washa, tuma, zima.

(Muziki mfupi.)

Sasa tunafika kwenye swali gumu. Nililetewa na dada mmoja wa Kalobeyei, anasema: "Je, niandike kwamba mimi ni mkimbizi au nifiche? Nikiandika wananihurumia, nikificha najisikia mwongo."

Dada yangu, nimelifikiria sana swali lako. Jibu langu ni hili. Ukimbizi ni hali yako kisheria. Haujawahi kuwa kazi yako. Kwa hiyo usiuweke kwenye mlango, mahali pa jina. Kwenye ujumbe wa kwanza, taja kazi yako na taja unakoishi. Ukisema "Kakuma", mwenye kuelewa ataelewa, na hujadanganya mtu.

Lakini mazungumzo yakifika kwenye kazi yenyewe, malipo au safari, hapo usifiche chochote. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi pale anapokuwa na ujuzi unaotambuliwa na mamlaka za nchi. Hata hivyo, kuajiriwa kunadai kibali cha kazi, na kutoka kambini kunadai ruhusa ya kusafiri. Mwajiri akiyajua haya mwishoni atahisi umemficha. Akiyajua mapema, kutoka kwako, kwa sentensi mbili zilizotulia, ataona mtu anayejua mambo yake. Unaweza kusema: "Nina hati ya mkimbizi inayotumika. Kwa kuja Nairobi ninahitaji ruhusa ambayo huchukua muda, lakini kazi ya kutafsiri naweza kuifanya hapa hapa kwa mtandao." Umesema tatizo, na hapo hapo umetoa njia.

Na historia yako ya vita, ya safari, ya waliobaki nyuma? Hiyo ni mali yako. Mpe anayestahili, siku unayotaka wewe. Mimi niligundua kwamba kila nilipoiandika kwa watu 40 wasiojibu, nilikuwa ninaipoteza kidogo kidogo. Tangu siku ile sijaitumia tena kama nauli.

(Muziki mfupi.)

Umeshatuma. Sasa unafanya nini?

Unasubiri wiki moja. Usitume "hello" kila asubuhi. Usiandike "mbona kimya?" Yule mtu ana kazi, ana mgonjwa nyumbani, au hafungui mtandao ule mara kwa mara. Baada ya wiki moja, unaweza kukumbusha mara moja tu, kwa sentensi moja au mbili: "Habari tena, nilikuuliza kuhusu vyeti vya uhasibu. Kama umepata nafasi, nitafurahi kusikia." Asipojibu hapo, mwache. Andika kwenye daftari: jina, tarehe, nilichouliza, jibu. Kisha nenda kwa mwingine.

Akikujibu, shukuru siku ile ile. Kisha, na hapa ndipo wengi tunakosea, fanya alichokuambia. Halafu mrudishie habari. Mimi nilitumia soksi, nikarekodi, nikamtumia yule mama dakika moja ya sauti: "Nilifuata ushauri wako, sikiliza tofauti." Hakuna mtu anayechukia kusikia kwamba neno lake limefanya kazi. Kuanzia hapo sikuwa mgeni mlangoni tena.

Na akikwambia hapana, mjibu pia. "Asante kwa kuniambia wazi. Je, kuna mtu mwingine unayeona ningeweza kumuuliza?" Mara nyingine hapana moja inazaa majina mawili.

(Muziki mfupi. Sauti ya onyo.)

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini, na kama unasoma, msomee na mwenzako asiyejua kusoma.

Mlango unaoubisha wewe, wezi pia wanaujua. Kaka mmoja ninayemfahamu, fundi umeme mzuri, aliandikiwa na mtu aliyejiita afisa wa ajira. Picha nzuri, suti, maneno ya heshima. Alimwambia kuna nafasi ya kazi nje ya nchi, mshahara mkubwa, wanamtaka haraka. Kisha akadai shilingi 6,500 za vipimo vya afya. Kaka alikopa kwenye chama chao cha akiba. Baada ya kutuma, akadaiwa tena. Alipouliza, akafungiwa. Pesa zile zilikuwa za wanachama kumi na wawili, na mpaka leo anazilipa kwa kutengeneza sola za watu.

Kwa hiyo shika haya. Moja, kazi ya kweli haikudai ulipe ili uajiriwe. Mbili, huduma za UNHCR na mashirika wanayoshirikiana nayo ni za bure, na kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi na mtu yeyote, awe na kitambulisho gani. Tatu, usitume picha ya hati yako ya mkimbizi, kadi ya chakula, namba ya faili wala namba ya siri ya simu kwa mtu uliyekutana naye mtandaoni. Mwajiri halali atahitaji hati siku ya mkataba, na hapo uliza kwanza dawati la ulinzi au la msaada wa sheria. Nne, jambo la faili lako usiliandike kwa wafanyakazi wa mashirika kwenye LinkedIn. Lina njia yake: dawati la huduma na laini ya msaada. Kumwandikia mtu kwenye mtandao hakusogezi faili mbele, na kunaweza kukuweka mikononi mwa anayejifanya mfanyakazi.

Tano, na hii ni kwa dada zangu hasa. Ukiuliza kuhusu kazi ukajibiwa kuhusu urembo wako, mazungumzo ya kazi yamekwisha. Huna deni la kujibu kwa adabu. Fungia, ripoti kwenye mtandao wenyewe, mwambie mtu unayemwamini. Hukukosea kwa kubisha hodi. Aliyekosea ni aliyefungua mlango vibaya.

(Muziki mfupi.)

Kabla hatujaagana, ninajua utauliza: "Na wewe, mtangazaji, ilikufikisha wapi?"

Sitakudanganya. Ile mara ya pili niliandika jumbe 11, kila moja peke yake, na kila moja ilinichukua jioni nzima. Watu watatu walijibu. Wa kwanza alinitakia kila la heri. Wa pili alinitumia jina la kozi ya bure ya kuhariri sauti, ambayo niliimaliza kwa miezi mitatu kwa sababu ya bando. Wa tatu ni yule mama. Mwaka uliofuata alihitaji mtu wa kurekodi mahojiano ya Kiswahili na Kinyamulenge hapa kambini kwa siku mbili, na hakutafuta mahali pengine. Alinilipa kwa M-Pesa jioni ya siku ya pili.

Siku mbili za kazi. Sijahama nyumba, na mwezi huu tulipunguziwa chakula kama ninyi. Lakini siku mbili zile niliitwa kwa ujuzi wangu. Na kwenye profaili yangu, mahali palipokuwa wazi, sasa kuna kazi moja ambayo mtu yeyote anaweza kuiuliza na kupata jibu.

Wiki hii nakuomba ufanye jambo moja. Usiandike jumbe 40. Andika mmoja. Chagua mtu mmoja kwenye yale majina kumi, soma kazi yake, na ujibu kwenye daftari lile swali nililoshindwa kulijibu mimi: unataka nini hasa? Ukipata jibu la sentensi moja, bisha hodi.

Kwa vikundi vya kusikiliza, haya ndiyo maswali yenu ya kujadili:

1. Kila mmoja ajitaje kwa sentensi moja ya kazi, bila kutaja shida. Wenzake wamwambie kama wameelewa anafanya nini.

2. Ni watu gani waliowahi kuishi au kufanya kazi hapa, wakaondoka, ambao kikundi chenu bado kinawafahamu? Andikeni majina pamoja.

3. Someni tena ujumbe wangu wa kwanza wa watu 40. Kama ungekuwa wewe umeupokea, ungejibu nini? Kisha uandikeni upya, kwa fundi wa kikundi chenu.

4. Je, kuna mtu kikundini aliyewahi kudaiwa pesa kwa ajili ya kazi? Kama yuko tayari kusema, msikilizeni bila kumcheka.

Mkishaandika jumbe zenu, leteni mbili kwenye sanduku letu la barua pale langoni mwa kituo, bila jina la unayemwandikia. Kipindi kijacho tutazisoma hewani na kuzinyoosha pamoja.

Tuonane wiki ijayo, saa ile ile, kwenye masafa yale yale. Nakutakia jioni njema, na maji yafike kwenye bomba lenu mapema.

(Muziki wa kufunga.)